Mchezo wa Kijijini na Mfuko wa Mbali

Wahakiki wa michezo ya kuigiza wana desturi ya kuanza na maandishi. Huuliza kisa ni kipi, wahusika wamejengwa namna gani, lugha ina ladha au haina, na kama mwisho wa mchezo umetokana na mwanzo wake au umebandikwa tu. Maswali hayo ni ya haki na hapana budi yaulizwe. Lakini yako mengine mawili ambayo aghalabu huachiwa watunza hesabu, kana kwamba hayahusu sanaa: mchezo ulichezwa saa ngapi, na fedha za kuuchezea zilitoka kwa nani. Mtu akiyatazama kwa makini maonyesho ya vijijini na ya mitaani ataona kwamba maswali haya mawili kwa hakika ni swali moja. Mwenye kulipa ndiye apangaye saa na mahali. Na saa na mahali ndivyo vinavyoamua kama mama mwenye mtoto mgongoni, mzee asiyeweza kwenda mbali na kijana aliyetoka shambani wataketi pamoja mbele ya mchezo mmoja, au kama mchezo utakuwa wa wanaume wenye nafasi na wageni wenye daftari.

Morogoro na milima yake ya Uluguru yafaa kuwa mfano wa jambo hili. Mkoa huo ndio uliomzaa Penina Muhando, ambaye wasomaji wa baadaye wamemjua pia kwa jina la Penina Mlama. Alizaliwa Berega, upande wa Kilosa, mwaka 1948, na tamthilia zake tangu Hatia ya mwaka 1972 hazikutoka sana nje ya ua wa nyumba. Huko Hatia, Cheja arudi kijijini kutoka mjini akiwa na mimba, na mzigo wa mchezo wote ni namna wazazi na majirani wanavyolipokea jambo hilo. Kadhalika mkoani humo kipo kijiji cha Mkambalani, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ambacho miaka ya themanini kilikuwa mojawapo ya vijiji vilivyofanyiwa kazi iliyokuja kuitwa sanaa za maonyesho jamii. Malya katika mkoa wa Mwanza ilikuwa imetangulia mwaka 1982 na 1983, na Msoga ilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyofuata.

Yafaa, hata hivyo, isidhaniwe kwamba sanaa za maonyesho ziliingia chini ya Uluguru pamoja na walimu wa Chuo Kikuu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Msichana aliyevunja ungo alifungiwa ndani, akafundwa na wanawake waliomzidi umri, na siku ya kutolewa mwali ilikuwa onyesho kamili: ilikuwa na mavazi, ngoma, mafumbo, wachezaji waliojua sehemu zao na watazamaji waliojua lini waitikie. Na onyesho hilo liligharimu mali. Nafaka ya pombe ilitoka kwenye ghala la mtu, kuku walitoka kwenye banda la mtu, na nguo ya mwali alinunua mtu. Hapakuwa na neno la ufadhili, lakini ufadhili ulikuwapo, tena ulijulikana umetoka kwa nani na kwa ajili ya nani. Aliyetoa debe la mahindi alikuwa amenunua haki ya kusema kama jambo limefanywa vizuri au limevurugwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni utani. Waluguru na makabila jirani wana watani wao, na msibani mtani huja akaigiza. Humwigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mbahili au mpenda pombe. Huvaa nguo zake, huzuia njia ya kwenda kaburini, na hakubandui mguu mpaka atiwe kitu mkononi. Watu waliokuwa wakilia hucheka kwa machozi yale yale. Hapa mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka themanini hutazama mchezo mmoja, saa moja, mahali pamoja, wala hakuna aliyealikwa kwa karatasi. Na fedha iko, ijapokuwa ni sarafu. Mtani hulipwa na nyumba yenyewe iliyofiwa, mbele ya macho ya watu wote, baada ya kucheza na si kabla, tena kwa kiasi kinachoshindaniwa kwa mzaha ambao wenyewe ni sehemu ya mchezo. Ni vigumu kupata katika historia nzima ya jukwaa utaratibu wa malipo ulioshikamana na sanaa namna hii.

Dola huru ilipokuja ilizitazama sanaa kwa jicho jingine. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na kutokana na nia hiyo vilizaliwa vikundi vya taifa: cha ngoma, cha sarakasi, na mwaka 1974 cha michezo ya kuigiza. Mwaka 1981 kazi hiyo ilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Baraza la Sanaa la Taifa lilipewa umbo lake kwa sheria ya mwaka 1984. Vikundi vya taifa vilikuwa na mishahara, na mishahara ni jambo jema. Lakini kituo chao kilikuwa Dar es Salaam, na kijiji kiliwaona kwa nadra, siku za sherehe, wakati meza kuu imekwisha kupangwa. Fedha za serikali zilipopungua, vikundi vya watu binafsi vilichukua nafasi, na hivyo vilitafuta ukumbi palipokuwa na wateja, yaani kwenye baa na kumbi za starehe. Humo mchezo wa kuigiza ulikuwa sehemu moja tu ya onyesho refu lenye ngoma, sarakasi, vichekesho na muziki, na mwenye baa alitaka watu wakae wanywe. Vichekesho vya vikundi hivyo vilikuwa na uhai mwingi kuliko wasomi walivyokubali wakati ule. Kasoro yao ilikuwa mlangoni: kiingilio cha mtu mmoja huwezekana, bali kiingilio cha mume, mke na watoto watano ni unga wa juma zima.

Ndiyo maana kazi ya miaka ya themanini yastahili kutazamwa polepole. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakupeleka vijijini mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikwenda kukaa. Walisikiliza watu wakisema linalowasumbua, wakachambua pamoja nao, kisha wenyeji wenyewe wakalitia jambo hilo katika ngoma, nyimbo na maigizo waliyokwisha kuyajua. Huko Malya, kwa mfano, ngoma za Kisukuma ndizo zilizobeba hoja. Onyesho likaisha kwa mazungumzo, na mazungumzo yakatakiwa yaishe kwa kazi. Mada iliyorudi mara kwa mara katika vijiji hivyo ilikuwa ya nyumbani: wasichana waliopata mimba shuleni, vijana wasio na kazi, wazazi na watoto wasiosemezana.

Msomaji aangalie ni kitu gani kilichonunuliwa na fedha katika kazi hiyo. Si mapazia, wala taa, wala majoho ya wachezaji. Kilichonunuliwa ni siku. Nauli ya kufika na kurudi, chakula cha watu wanaokaa kijijini kwa majuma, na ruhusa ya kutokuwa na haraka; hayo ndiyo yaliyogharimiwa. Mwanamke wa kijijini hasemi jambo la nyumbani kwake siku ya kwanza mbele ya mgeni aliyeshuka garini, na pengine hasemi siku ya tatu. Husema atakapokwisha kumwona mgeni huyo akichota maji na kucheka na watoto. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone; lakini mgeni wa saa mbili hamponyi mtu. Kwa hiyo katika sanaa za namna hii muda si gharama ya pembeni inayoweza kukatwa hesabu ikibana. Muda ndio jukwaa.

Liko jambo moja la kusikitisha katika habari hii, nalo halimhusu mtu mmoja. Kitabu kikuu kilichoeleza kazi ya vijiji hivi, cha Penina Mlama mwenyewe, kilitoka mwaka 1991 kwa Kiingereza, nacho kilipigwa chapa Uppsala, Sweden, na taasisi ya huko ya uchunguzi wa Afrika. Bila kitabu hicho mengi yangepotea, na waliokitoa wastahili shukrani. Walakini michezo yenyewe, iliyosemwa kwa Kiswahili na kwa lugha za vijiji, haikupigwa chapa ikae kwenye rafu za shule. Tamthilia za mwandishi huyo huyo zasomwa na wanafunzi mpaka leo. Mchezo wa watu wa Mkambalani hausomwi na mtoto wa Mkambalani. Mfuko uliogharimia kumbukumbu ulikuwa mbali, na kumbukumbu ikaenda kukaa karibu na mfuko.

Katika miaka ya tisini fedha ziliongezeka na siku zikapungua. Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeingia, na barabara ya malori ipitayo Morogoro kwenda Iringa na Zambia ilikuwa katikati ya msiba huo. Mashirika mengi yalitaka watu waelimishwe upesi, nayo yaliona kwamba mchezo wa kuigiza huvuta umati kuliko hotuba. Haitakuwa haki kuibeza kazi hiyo yote. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 katika Redio Tanzania, uliwapa wasikilizaji dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa tamaa na mwenye kupendeza, na mkewe Tunu, na watu waliwafuata kama wanavyofuata habari za jirani. Kituo cha Dodoma hakikuutangaza mpaka mwaka 1995, kusudi wachunguzi walinganishe waliosikia na wasiosikia. Nao waliona tofauti katika matumizi ya uzazi wa mpango. Mchezo huo ulikuwa na ujumbe wa kununuliwa, lakini ulikuwa na kitu kingine pia: ulidumu miaka. Mkwaju alipata nafasi ya kukosea, kutubu kwa uongo, na kukosea tena, kama binadamu.

Igizo la kampeni lililochezwa uwanjani halikupewa nafasi hiyo. Kikundi kilipata siku chache za mazoezi, ujumbe ukiwa umeandikwa na mwenye fedha, na saa moja ya kuonyesha kabla gari halijaondoka. Katika hali hiyo hata msanii mwenye kipaji hukimbilia watu wa mbao. Yuko mume mlevi asiye na sababu ya ulevi wake. Yuko mke mvumilivu asiye na kosa. Yuko mganga wa kienyeji, mlaghai tangu anapotokea, na mama mkwe mchonganishi. Kisha, dakika kumi kabla ya mwisho, aingia nesi au mtaalamu mwenye nguo safi, asema yapasayo kusemwa, na wote wakaongoka. Watazamaji hupiga makofi kwa adabu. Kasoro ya igizo hili si kwamba lafundisha, maana hata ngano za bibi hufundisha. Kasoro yake ni kwamba hakuna mtu katika uwanja ule anayejitambua. Mume mlevi wa kweli ana deni, ana shamba lililochukuliwa na ukoo wa mama wa mkewe au wa mama yake mwenyewe, ana aibu. Na mke wa kweli ana ulimi. Katika nchi ya Waluguru, ambapo ardhi hupita kwa wanawake, kisa cha mke asiye na neno nyumbani ni kisa kilichoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Watu wa milima hiyo wana historia ya kukataa mema yaliyopangwa bila wao. Serikali ya kikoloni iliamuru matuta yachimbwe kwenye miteremko kuokoa udongo, na sababu ya kitaalamu haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 1955 wananchi walifanya ghasia, na mpango ukavunjika. Igizo la amri lina udugu na tuta la amri. Tofauti ni kwamba tuta lilidai jasho, kwa hiyo lilikataliwa kwa kishindo, ilhali igizo hudai saa moja tu ya adabu, na kwa hiyo hukataliwa kimya kimya, na mwenye kuandika taarifa haoni kitu.

Ikilinganishwa na Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando ya mwaka 1982, tofauti huonekana hata kwa mtu asiyezoea uhakiki. Wanawake wa kijiji wajaribu kuisimamisha nguzo, wavutana wao kwa wao, kila mmoja aondoka na lake, na nguzo haisimami. Hakuna nesi ajaye kuiinua. Mwandishi awaachia watazamaji nguzo iliyolala chini, waende nayo nyumbani. Ni vigumu kufikiri mfadhili wa kampeni angekubali mwisho wa namna hiyo, maana katika safu za taarifa yake hapana mahali pa kuandika nguzo isiyosimama. Na hata hivyo ndio mwisho uwezao kuzaa maneno kati ya mke na mume njiani, wakirudi gizani. Tuseme, mradi ulioanzishwa na wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu hicho hicho mwaka 1996 kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari, ulionyesha kwamba hata katika miaka hiyo ya haraka ilikuwa inawezekana fedha za nje zigharimie sauti badala ya ujumbe: wasichana wenyewe walichagua la kusema, wakalisema kwa maigizo mbele ya walimu na wazazi.

Wako waonao kwamba dawa ni kuacha fedha za wengine kabisa. Hao hupenda kutaja Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, na wana haki ya kuitaja. Wanakijiji wa hapo walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya elfu mbili, wakafanya mazoezi hadharani huku wapitao wakisahihisha, na tarehe 2 Oktoba 1977 wakafungua mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kisa cha jamaa moja na kipande chake cha ardhi. Hapakuwa na onyesho lililokuwa la jamaa zaidi ya lile. Lakini kibali kiliondolewa tarehe 16 Novemba mwaka ule ule, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kujilipia kuliwapa uhuru wa kusema, hakukuwapa ulinzi. Tena Kamĩrĩĩthũ ilikuwa na wafanyakazi wa viwanda na mashamba makubwa, wenye ujira, ujapokuwa mdogo. Mkulima wa Mgeta au wa Matombo, ambaye fedha huiona mboga na matunda yafikapo sokoni, aweza kutoa mti, nyasi na siku ya kazi. Hawezi kumlisha mchezaji mwezi mzima.

Kwa hiyo fedha ya pamoja yahitajika, na swali ni ya namna gani. Mwaka 1998 serikali za Tanzania na Sweden zilianzisha Mfuko wa Utamaduni, uliotoa ruzuku kwa wasanii na vikundi, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa utaratibu namna ile. Katika miaka ya karibuni serikali yenyewe imefufua mfuko wa utamaduni na sanaa, na hilo ni jema, maana nchi isiyolipia michezo yake huletewa michezo ya wengine. Lakini safari hii fedha zimetolewa zaidi kwa njia ya mikopo kupitia benki. Kadhalika halmashauri zatakiwa na sheria, tangu mwaka 2018, kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, na kikundi cha vijana wa maigizo chaweza kuomba kama kiombavyo kikundi cha kufuga kuku.

Hapa ndipo uhakiki wa hesabu na uhakiki wa sanaa hukutana. Mkopo wafaa kwa mpiga muziki auzaye nyimbo na kwa mtengeneza filamu. Kwa kikundi cha mtaa kinachotaka kuchezea jamaa za jirani bila kiingilio, mkopo ni amri ya kimya ya kubadili mchezo. Kuku hutaga, na yai huuzwa. Mazungumzo ya mzazi na bintiye baada ya onyesho hayauzwi. Kikundi kilichokopa kitatafuta harusi, kitatafuta mkutano wa siasa, kitatafuta shirika lenye ujumbe, na mwisho kitarudi baa, si kwa sababu wachezaji wake wamepotoka bali kwa sababu mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Ruzuku ndogo isiyorudishwa, inayogharimia nauli ya kupanda Mgeta na kushuka, mlo wa wachezaji siku za mazoezi, na hasa safari ya pili ya kurudi kijiji kile kile kuona yaliyosemwa yamefikia wapi, ingekuwa fedha kidogo kuliko taa za tamasha moja la mjini.

Tena iko kalenda, ambayo benki haiijui. Jamaa za Uluguru hupata nafasi baada ya mavuno ya masika, miezi ya Julai na Agosti, alasiri, kabla ya jua kuingia nyuma ya mlima na akina mama kwenda kuwasha moto. Machi, Aprili na Mei mvua hunyesha, njia za milimani huwa utelezi, magari hukwama, na kila mwenye mikono yuko shambani. Mchezo hauchezwi miezi hiyo. Rejesho la mkopo laja hata hivyo.